Kuchukua Kura Si Kupiga Kura

Rafiki yangu, wewe ambaye ningekuachia ufunguo wa kabati langu bila kuhesabu nguo kwanza, vuta kiti. Nina jambo la kukuambia na nina hasira nalo, kwa hivyo usingoje sauti laini.

Nimefanya kazi ya basi la shule hapa Dubai mpaka goti likaanza kukataa ngazi. Nilikuwa nani wa basi. Ndiyo, nani, ile nanny ya Kiingereza. Huku ndivyo wanavyomwita mwanamke anayepanda na watoto, anawafunga mikanda, anawafuta kamasi, anawashusha na kumkabidhi kila mtoto kwa mtu wake. Siku yangu ya kwanza mlinzi wa getini, Mkenya mwenzangu, aliniuliza kwa Kiswahili, "Wewe ni nani?" Nikamjibu, "Ndiyo." Tulikaa hapo tukitazamana kama mbuzi wawili kwenye daraja.

Sasa mkataba umeisha, sanduku langu liko mlangoni hapa mtaa wa Satwa. Kabla sijaenda nyumbani, nataka wewe uliyekuja juzi, una miaka ishirini na kitu na simu nzuri kuliko yangu, ujue mtu anapigaje kura ya Kenya akiwa huku. Mimi shule niliimalizia ngumbaru, jioni, na mtoto mgongoni. Sitakupa Kiswahili cha vitabu. Nitakuambia habari ya pasipoti mbili, yangu na ya msichana wa chumba chetu anaitwa Nekesa. Tulitaka zote mbili zifike kwenye sanduku la kura. Ilifika moja.

Wacha nianze na aliyenifundisha kazi, maana bila yeye hata hiyo moja haingefika. Alikuwa mama wa Machakos, Philomena, tukimwita Auntie Philo. Nilipopanda basi lake mara ya kwanza, watoto wakashuka shuleni, nikasimama mlangoni nikaita, "Mmeshuka wote?" Auntie Philo akanitazama kama nimetukana.

"Unauliza viti?" akasema. "Mtoto aliyelala atakujibu? Nenda mpaka nyuma ukaangalie kwa macho. Na uiname."

Nikaenda, nikainama. Hapakuwa na mtoto, kulikuwa na kiatu na ndizi iliyopondwa. Lakini tangu siku hiyo sijawahi kushuka kwenye basi bila kutembea mpaka kiti cha mwisho. Baadaye walituletea kengele nyuma ya basi, lazima uende uizime, usipoizima inalia mtaa mzima. Nani wapya wakawa wanakimbia kuzima kengele na hawaangalii viti. Mashine imewapeleka mpaka nyuma, macho wameyaacha mbele. Kengele haijui mtoto. Wewe ndiye unayemjua.

Kitu cha pili alichonifundisha Auntie Philo ni hiki. Kuna wazazi walikuwa wanapiga simu, "Nani, mwache tu hapo getini, natoka sasa hivi." Jua la Dubai, mtoto wa chekechea, getini peke yake. Ukikataa, anakasirika, anakuita mjinga. Auntie Philo hakuwa anabishana. Alikuwa anasema kwa adabu kabisa, "Sawa, madam. Naomba uniandikie meseji kwamba umeniambia nimwache getini peke yake." Hakuna aliyewahi kuiandika. Madam mwenyewe alikuwa anashuka na lifti, na malapa miguuni, anahema. Mtu anayejua anakosea hapendi kuandika. Weka hilo mahali.

Sasa kura.

Tangazo tulilisikia kanisani. Mzee wa kanisa alisimama baada ya ibada akasema tume ya uchaguzi itaandikisha Wakenya hapa Dubai, ubalozini, kwa muda mfupi tu, na kila mtu aje na pasipoti yake ya Kenya, yenyewe, isiwe picha. Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga. Niliangalia ile safu yetu ya wanawake wa basi na wanawake wa nyumba, nikajua hakuna hata mmoja aliye na pasipoti kwenye mkoba wake. Zote zilikuwa kwenye makabati ya waajiri.

Hapo ndipo hasira yangu inapoanzia. Sheria ya nchi hii yenyewe inasema pasipoti ni ya mwenye pasipoti. Mwajiri haruhusiwi kuikalia. Wote wanajua. Na bado unafika uwanja wa ndege, hata jasho la ndege halijakauka, mtu wa kampuni anakunyooshea mkono, "Passport, sister," na wewe unatoa kama unayetoa sadaka. Nilitoa. Ukatoa na wewe, usinidanganye. Anakwambia ni kwa usalama. Usalama wa nani? Mimi nimelea watoto wa watu mia, nikawarudisha wote wazima, halafu siwezi kutunza kijitabu cha kurasa chache?

Kwenye kampuni yetu pasipoti zilikuwa kwa mandub, yule mtu wa kampuni anayezunguka na mambo ya viza. Kabati la chuma, ufunguo mmoja, na ruhusa ya meneja. Jumatatu, baada ya kushusha watoto, nikaenda kwa meneja.

"Sir, naomba pasipoti yangu."

"Likizo?"

"Hapana, sir. Nataka kujiandikisha kupiga kura."

"Kura gani? Hapa hakuna kura."

"Ya Kenya, sir. Wanaandikisha ubalozini."

Akacheka kidogo, bila ubaya. "Mama, ukienda Kenya utapiga. Hapa ni kazi. Politics, no. Khalas, imetosha. Yalla, nenda, basi linakungoja."

Nikarudi chumbani nimevimba kama mandazi. Chumba chetu kilikuwa na vitanda vya ghorofa, na Nekesa alilala juu yangu. Alikuwa mtoto wa Bungoma, nani mpya, na hajawahi kupiga kura maisha yake. Uchaguzi wa kabla ya huo alikuwa bado hajafika umri. Mama yake aliuza ng'ombe wa maziwa kumlipa wakala, na wakala alimwambia anakuja kuwa mpokea wageni hotelini. Ukimuuliza Nekesa kwa nini anataka kura, anakujibu bila kuinua kichwa kwenye simu, "Nataka kumuuliza mtu kwa nini nilimaliza chuo halafu nafuta kamasi za watoto wa wengine." Nilimpenda kwa hilo. Hasira yake ilikuwa na anwani.

Nilipomweleza ya meneja, aliteremsha kichwa kutoka juu, nywele zinaning'inia. Mimi alikuwa ananiita mathe, ndiyo mama kwa lugha yao ya vijana.

"Mathe, na wewe pia. Ulisema kura?"

"Nilisema kura."

"Huku hausemi kura. Sema pasipoti inakaribia kuisha, unaenda kubadilisha. Atakupa saa hiyo hiyo, maana ikiisha yeye ndiye anapata shida ya viza."

"Yangu haiishi karibu."

"Kwani ataifungua? Mathe, si uongo wa kuua mtu."

"Nekesa, mimi ndiye ninayeongoza maombi ya akina mama Jumapili. Siwezi kusimama pale na huo mdomo."

"Basi kaa na mdomo msafi bila kura," akasema, akajirudisha kitandani. Kitanda kizima kikatingishika.

Kesho yake alimwambia mandub vile vile alivyoniambia, mandub akamwombea ruhusa kwa meneja, akapewa pasipoti kabla ya saa sita, akaenda ubalozini, akaandikishwa. Jioni aliingia chumbani na sambusa za Satwa kwenye mfuko, anacheza.

"Nishachukua kura! Mathe, nishachukua kura!"

Tukala. Nikamuuliza, "Pasipoti iko wapi?"

"Nimemrudishia mandub. Nimemwambia nimekuta foleni, nitabadilisha siku nyingine."

"Umerudisha? Na siku ya kupiga?"

"Ya nini tena? Si nishachukua kura?"

Rafiki yangu, sikiliza hapo, maana hapo ndipo tulipoanguka. Kwetu tunasema hivyo, sivyo? Mtu akijiandikisha tunasema amechukua kura. Mama yangu alisema hivyo, mwalimu wangu wa ngumbaru alisema hivyo, kila mtu. Na hilo neno ni tamu, linakufanya uhisi kura iko mfukoni. Haiko. Umeandikwa tu. Kura yenyewe bado iko kwenye karatasi ambayo haijapelekwa ubalozini, na kuipata utatakiwa kuja tena, siku nyingine, na ile ile pasipoti uliyojiandikishia. Nyumbani hili halina shida, kitambulisho kinalala mfukoni mwako. Huku pasipoti inalala kwa mwenye kampuni. Kwa hivyo huku kura inataka pasipoti mara mbili. Mara mbili. Nilimwambia Nekesa hivyo hivyo, na sambusa mkononi.

"Nitaitisha tena," akasema. "Usinichanganye furaha, mathe."

Mimi nilikuwa bado sina hata hiyo mara ya kwanza. Kila siku baada ya zamu ya asubuhi nilienda kukaa kwenye benchi nje ya ofisi ya meneja, na chupa yangu ya chai. Nilikuwa nasalimia. Akitoka, nasalimia. Akiingia, nasalimia. Wale madereva walianza kuniita mheshimiwa. "Mheshimiwa, kampeni inaendaje?" Nacheka nao, lakini ndani nachemka. Mwanamke mzima, mama wa watoto watatu, nimekaa kwenye benchi naomba kitu chenye picha yangu na jina la baba yangu.

Siku ya mwisho ya kuandikisha, niliomba kitandani kabla sijavaa yunifomu. Sikuomba Mungu amlainishe meneja. Niliomba anipe maneno. Nikakumbuka madam na malapa yake. Nikaingia ofisini bila kukaa kwenye benchi.

"Sir, leo sitaomba tena pasipoti."

"Good, mama."

"Naomba uniandikie tu. Andika kwamba nimeomba pasipoti yangu na umekataa, na sababu ni kura. Uweke sahihi. Nitaenda nayo ofisi ya serikali ya mambo ya wafanyakazi, wao wanisomee kama ni sawa."

Alinitazama. Kalamu ilikuwa mezani, katikati yetu. Hakuigusa. Akamwita mandub kwa Kiarabu, maneno machache, sikuyaelewa ila jina langu. Mandub akafungua kabati, akaniwekea pasipoti mezani bila kunitazama.

"Leo jioni irudi," meneja akasema.

Sikujibu ndiyo. Nilisema asante, nikaenda zangu.

Sasa nikwambie ya ubalozini, ili ukienda usishangae. Foleni ilikuwa ndefu, kila mtu amengoja siku ya mwisho, na wengine hawakuwa na sababu kama yangu, ni uvivu tu, na wanisamehe. Mbele yangu alikuwa kijana mlinzi, bado na yunifomu ya kazi. Alipofika mezani akatoa bataka, ile kadi ya ukazi ya Dubai.

Karani akasema, "Ndugu, nimesema kitambulisho."

"Si hiki?"

"Hiki kitakupandisha metro. Mimi nataka kinachosema wewe ni Mkenya, pasipoti."

Watu wakacheka, na kijana akacheka pia, lakini alirudi bila kuandikishwa. Usimcheke. Tumezoea bataka mpaka tukisikia neno kitambulisho, mkono unaenda huko wenyewe. Benki bataka, hospitali bataka, mpaka laini ya simu. Dubai imetufundisha kusahau kijitabu chetu.

Ilipofika zamu yangu karani aliniuliza kama nimewahi kujiandikisha. Nikasema nilichukua kura zamani nyumbani, shule ya msingi ya kwetu. Akaniambia vizuri, basi sikuandiki upya, nakuhamisha. Kumbuka hilo. Ukiwa umeandikishwa nyumbani, sema. Kujiandikisha mara mbili ni kosa, linaweza kukuletea kesi. Na ukihamia huku, ujue unamchagua rais peke yake. Gavana, mbunge, mwakilishi wa wadi, hao unawaachia wengine. Hilo nalo linanikera, maana zahanati yetu isiyo na dawa haiko ikulu, iko kwa wadi. Lakini ndivyo ilivyo, na kura moja si sifuri.

Halafu vidole. Mashine ilikataa kusoma vidole vyangu. Miaka ya kufuta viti vya basi kwa dawa imevifuta na vidole vyenyewe. Karani alinipa karatasi laini nikajifuta, nikabonyeza, ikakataa. Nikabonyeza tena. Watu nyuma wanaguna. Nikasema moyoni, Bwana, umenitoa kwa meneja, usiniache kwa mashine. Kidole gumba kikakubali, na vingine vikafuata. Kama unafanya kazi ya sabuni, usiende asubuhi na mikono mikavu imepasuka. Ipake mafuta jana yake, uinawe vizuri siku yenyewe.

Na masharti hubadilika, kwa hivyo kila uchaguzi uliza upya. Uliza tume yenyewe au ubalozi. Usiniulize mimi, na usiulize lile grupu letu la kwenye simu ambalo mtu mmoja anatuma sauti ya dakika kumi akisema "nimesikia." Baadaye daftari la wapiga kura likifunguliwa, hakikisha jina lako limo. Nenda mpaka kiti cha nyuma ukaangalie kwa macho.

Jioni mandub alinipigia. "Pasipoti?"

"Iko salama."

"Sir anasema irudi."

"Mwambie sir iko na mwenyewe."

Haikurudi tena. Niliishonea mfuko ndani ya sketi, nikafanya nayo kazi. Wiki iliyofuata walinitoa kwenye basi. Wakanipeleka karakana, kuosha viti vya mabasi yote, na basi langu akapewa nani mwingine. Hakuna aliyesema ni kwa sababu ya pasipoti. Dereva wangu aliniambia watoto wanauliza niko wapi, na kuna mmoja alikataa kufungwa mkanda na mtu mwingine. Nilimaliza mkataba wangu karakana. Kura yangu ilinigharimu hivyo, na wakiniuliza nitalipa tena, lakini usitake niwe mpole ninapolisema.

Siku ya kura ilikuwa Agosti, lile joto la kuchoma hata kope. Shule zimefungwa, kazi ni ya kambi za likizo tu, kwa hivyo wengi tulipata nafasi. Nekesa alianza kuhangaika siku chache kabla. Alienda kwa mandub na hadithi ile ile, anabadilisha pasipoti. Mandub akamuuliza, "Ulisema hivyo mara ya kwanza. Mpya iko wapi?" Akabadilisha, akasema ukweli, kura. Mandub akacheka, "Leo kura, juzi kubadilisha. Kesho utasema harusi." Nikamwambia aende kwa meneja akaombe aandikiwe kwamba amekataliwa, kama mimi. Alienda. Meneja alimwambia, "Wewe ulinidanganya, nikuandikie nini?" Na mandub akaenda likizo, na ufunguo.

Asubuhi ya kura tulitoka pamoja. Alivaa vizuri, nywele amesuka upya. Mkobani ana bataka, na picha ya pasipoti kwenye simu. Nilijua. Yeye pia alijua. Lakini ungemwambia nini?

Karani wa siku hiyo alikuwa mwanamke, mpole sana, na upole wake ndio ulioniumiza. Alilitafuta jina, akalipata.

"Dada, uko hapa. Nakuona kabisa. Lakini lazima niione pasipoti yenyewe."

"Iko kwa kampuni."

"Naelewa. Tunafunga saa kumi na moja jioni. Ukiipata, njoo, nitakuwa hapa."

Nekesa akatoka kwenye foleni, akasimama pembeni. Mimi nikapita. Nilipewa karatasi moja, nikaingia nyuma ya kile kibanda cha kadibodi, nikaweka alama, nikakunja, nikatumbukiza. Ni kazi fupi kuliko kumfunga mtoto mkanda. Kitu kifupi hivyo ndicho walichotaka kutunyima. Wakanipaka wino kidoleni.

Nje nilimkuta Nekesa kwenye kivuli cha ukuta. Hakulia. Alinyoosha mkono akasema, "Leta nione." Nikampa kidole. Akakishika, akakisugua kwa dole gumba lake, kwanza polepole, halafu kwa nguvu.

"Haitoki," akasema.

"Haitoki."

"Karatasi ilikuwa kubwa?"

"Ya kawaida."

Akaendelea kusugua. Nikamwacha. Tulikaa pale mpaka karibu na kufunga, kama labda mandub angerudi kutoka kwao na ufunguo. Hakurudi. Watu walikuwa wanatoka, wanapiga picha za vidole vyao, na kila anayetoka Nekesa alikuwa anamtazama mkono kabla ya uso.

Sikumkasirikia kwa uongo wake, nikuambie ukweli. Namkasirikia yule anayemfanya msichana wa watu adanganye ili apate kitu chake. Na nawakasirikia ninyi, wapenzi wangu, mnaopiga kelele za siasa kwenye grupu mchana kutwa, na mkiulizwa pasipoti iko wapi mnasema "iko kwa ofisi," kama mnaosema iko benki.

Uchaguzi mwingine unakuja, na mimi nitapigia nyumbani. Huku nakuachia wewe. Leo ukirudi chumbani, muulize anayelala juu yako na anayelala chini yako, pasipoti yako iko wapi, na msimuliane haya niliyokuambia. Asiyejua kusoma msomee. Aliye nyumbani kwa madam, haruhusiwi kutoka, mtumie kwa sauti. Na asiyekuwa nayo mkononi aanze kuiomba sasa, kabla tangazo halijasomwa kanisani. Nekesa ameipata yake. Aliomba meneja aandike kwamba amemkatalia, na safari hii hakuwa amemdanganya mtu.